Kompyuta Inapoita Majina

Alfajiri hapa Nchelenge wavuvi wa chisense wakifika ufuoni, mnunuzi mwenye akili hangoji mtumbwi uliochelewa; hununua kwa waliokwisha kufika. Linux zamani haikujua akili hiyo. Kompyuta ilipowashwa, iliita vifaa kimoja kimoja: "Diski, upo?" Kisha ikanyamaza hadi ijibiwe, ndipo iite kinachofuata. Diski izungukayo huchukua sekunde kadhaa kupata mwendo; basi muda ulipotea katika kungoja, si katika kazi.

Mwaka 2008 Arjan van de Ven na Auke Kok walionyesha kompyuta ndogo ikiwa tayari kwa sekunde 5. Mwaka 2009 njia ya van de Ven ya kuita vifaa kwa pamoja ilitiwa katika kiini cha Linux.

Lakini, ndugu zangu, angalieni! Vikiitwa pamoja, zamu ya majina haina hakika. Mimi nilizoea sda na sdb. Siku moja zamu iligeuka, nikafuta diski yenye masomo ya wanafunzi badala ya ile kuukuu. Siku hizi hutazama kwanza UUID, namba ndefu iliyoandikwa ndani ya diski yenyewe, nami nimeibandika kwa karatasi juu ya kila moja.