Juu ya nini samaki anakufa inje ya maji?

Wandugu wanafunzi,

Swali hili lilitushinda kwenye jaribio, hata mimi kapita wenu. Inje hewa ni nyingi, sivyo?

Maji yanaingia kwa kinywa, yanapita kwenye matamvua mekundu, yanatoka pembeni ya kichwa. Damu inaenda kinyume na maji, ndiyo maana inapokea oksijeni mwendo wote. Inje, nyuzi za matamvua zinashikamana na kukauka. Samaki anakosa pumzi.

Lakini samaki mwenye mapafu wa vinamasi vyetu, matamvua yake ni madogo. Ukimzuia kupanda juu kuvuta hewa, anakufa ndani ya maji! Kwa jamaa zake za kale, miaka zaidi ya milioni 360 iliyopita, walitokea wanyama wa miguu mine.

Basi tusikariri tu, tuelewe.