SOMO LA AFYA: Seli hubadilika kabla hujasikia maumivu

Leo tuzungumzie patholojia, yaani elimu ya namna ugonjwa unavyobadili seli, tishu na viungo. Hapa Westville, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal ambayo hadi 2004 ilikuwa Chuo Kikuu cha Durban-Westville, wanafunzi wa fani za afya huisoma kwa hadubini. Sisi tutaisoma kwa mfano mmoja unaowahusu mama na dada zetu: saratani ya shingo ya kizazi.

Upande wa nje wa shingo ya kizazi umefunikwa na seli zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Mpya huzaliwa chini, hupanda juu zikiwa bapa, kisha hupukutika. Kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, huingia kwenye zile za chini. Mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kikibaki, hasa aina ya 16 na ya 18, huzima protini zinazozuia seli kuzaana ovyo. Kiini cha seli hukua na kuwa cheusi, nazo seli hupanda juu bila kukomaa.

Hapo bado si saratani. Mabadiliko yakiishia theluthi ya chini, mengi hupona yenyewe. Yakijaa hadi juu ni hatari, lakini bado yamezuiwa na utando mwembamba ulio chini yake. Seli zikiutoboa utando huo ndipo saratani huanza. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Muda wote huo huumwi popote, kwa hiyo lile neno letu la "mimi mzima, nikapime nini?" halina msingi.

Papsmia ni nesi kukwangua seli chache kwa brashi na kuzipeleka maabara, basi. Karatasi ikisema LSIL, mabadiliko ni madogo. Ikisema HSIL ni makubwa, na utapelekwa hospitali kuangaliwa zaidi, pengine kukatwa kinyama kidogo. Wapo wanaokimbia wakiona herufi hizo. Jamani, huo ndio wakati sehemu iliyoharibika huondolewa na kizazi kikabaki!

Sera ya Afrika Kusini ya 2017 inatoa vipimo vitatu bure kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 10. Mwenye VVU hupimwa anapogundulika, kisha kila miaka 3. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, za uzazi zikiwemo. Tunajua mwaka 2025 makundi yalisimama milangoni mwa baadhi ya kliniki na hospitali, Durban ikiwemo, kuzuia wageni. Nendeni wawili wawili, mkiwa na makaratasi yenu, na mmoja awe anayejua Kiingereza au Kizulu.

Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, usisubiri zamu ya papsmia. Nenda wiki hiyo hiyo.