Mota ya baiskeli: Pima mlima kabla ya kulipa

Barabara ya Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, ina urefu wa kilometa 33 hivi na hupanda kiasi cha mita 1,000. Kwa mchuuzi anayetaka kufunga mota kwenye baiskeli yake, barabara hiyo ni somo zuri. Mota inayokwenda vizuri tambarare inaweza kumwacha katikati ya mlima, na mtaji ukawa umekwisha kulipwa dukani.

Hesabu ya mlima

Chukua mfano wa mchuuzi ambaye yeye, baiskeli na mzigo wana jumla ya kilo 150. Kupandisha uzito huo mita 1,000 kunahitaji wati-saa 410 hivi. Msuguano wa matairi huongeza kama 135, jumla 545.

Akienda kilometa 11 kwa saa, safari itachukua saa tatu. Akikanyaga kwa nguvu ya wati 75 muda wote, atachangia wati-saa 225. Zinazobaki, 320, ni kazi ya mota. Kwa vile mota hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, betri itatakiwa kutoa kama 455.

Uwezo wa betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Hata ikitumika yote, itazima zikiwa zimebaki kilometa saba hivi. Yenye ampea-saa 15 ina 540, hivyo itafika na akiba kidogo.

Betri za asidi ni rahisi kwa bei, lakini huharibika upesi zikimalizwa zaidi ya nusu kila safari. Kwa kazi hii zitahitajika zenye uzito wa kilo 25 hivi, nafasi ambayo ingebeba bidhaa. Za lithiamu ni nyepesi zaidi.

Mota ipi?

Mota za umeme ziko za aina tatu. Ya kwanza hukaa katikati ya gurudumu na haina gia ndani. Ni imara na haina kelele, lakini ikipanda polepole na mzigo hupata joto kali na inaweza kuungua.

Ya pili nayo hukaa kwenye gurudumu, ila ina gia ndani, hivyo hustahimili mwendo wa polepole zaidi. Ya tatu hufungwa kwenye pedeli na kuvuta cheni. Hii ndiyo hodari wa milima, mradi baiskeli iwe na gia za kubadilisha. Kwenye baiskeli ya gia moja faida hiyo hupungua sana, na cheni huchakaa haraka.

Mota ya gurudumu la mbele ni rahisi kufunga. Hata hivyo, mzigo ukiwa nyuma kwenye keria, gurudumu la mbele huwa jepesi na huteleza kwenye changarawe.

Vipimo

Mnunuzi asikubali neno "inchi 28" pekee. Rimu ya baiskeli nyingi za mizigo za inchi 28 ina kipenyo cha milimita 635, wakati rimu nyingine inayouzwa kwa jina hilo hilo ina 622. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Vilevile apime nafasi ya ekseli kwenye fremu kabla ya kulipa. Breki nazo zikaguliwe, kwani safari ya kurudi ni mteremko mtupu.

Faida iko wapi?

Umeme wa kuchaji kwa safari moja hauzidi sana nusu uniti. Gharama kubwa ni kuchakaa kwa betri. Ikiwa betri imenunuliwa kwa Sh. 600,000 na itachajiwa mara 500, kila safari imekula Sh. 1,200. Mchuuzi aweke fedha hizo kando kila anaporudi, la sivyo betri itakapokufa atajikuta amekula mtaji akidhani ni faida.

Kwa kifupi, mnunuzi aende dukani na tarakimu tatu: uzito wote, urefu wa njia na kimo cha mlima. Muuzaji asiyeweza kuzijibu kwa wati-saa hajui anachouza.