Kujua ni kitu kimoja, kugeuza desturi ni kingine

Mumesikia mara nyingi juu ya vumbi la madini. Hapa Kolwezi, mutaa wa Kasulo, mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti mpaka chini ya nyumba zao. Mwaka 2018 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven (Ubelgiji) walitangaza kwamba watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mutaa usio na kazi ile. Watoto ndio waliozidi wote. Mutoto anacheza chini, kisha anatia mikono kinywani.

Mama akisikia hivyo anasema: "Kuanzia leo nguo za kazi ya mashimo hazitaingia nyumbani." Siku tatu zinapita, nguo ziko tena juu ya kitanda. Je, hana akili? Anazo. Hapendi mutoto wake? Anamupenda sana. Basi, nini inamushinda?

1. Mikono imezoea. Mashauri yanakaa kichwani, lakini desturi inakaa mikononi. Bwana akirudi, mikono inapokea mufuko na kuuweka pa siku zote, mbele ya kuwaza.

2. Hatari haionekani. Njaa inaonekana leo. Vumbi halipigi kelele.

3. Anaogopa maneno. Mama mukwe anasema: "Siye tulikomaa mu hii vumbi, na tuko bazima." Kugeuza desturi kunakuwa sawa na kuzarau wakubwa.

4. Anataka kugeuza yote siku moja. Anachoka, anaacha yote.

Ufanye nini?

Usijigombeze. Chagua kitu kimoja kidogo, ukifunge kwa kazi unayofanya kila siku. Unapogawa bukari, weka beseni ya maji na sabuni kando ya chungu: mukono usiopita mule usiguse bukari. Pigilia musumari inje ya mulango kwa nguo za kazi. Mama mukwe naye, umuombe anawishe wajukuu. Mwenye kupewa kazi hapingi tena. Ukisahau leo, endelea kesho.

Kunawa hakumalizi vumbi la muji, lakini kunapunguza lile linaloingia kinywani mwa mutoto.

Maulizo ya kuzungumza

Desturi gani unataka kugeuza nyumbani mwako? Nini inakuzuia? Nani atakusaidia?