Sitiari ya Upepo katika Elimu ya Anga: Upepo wa Jua, Dhoruba ya Sumaku na Aurora

Istilahi nyingi za sayansi huingia katika Kiswahili kwa kukopwa au kwa kutafsiriwa. "Upepo wa jua" ni zao la tafsiri, na istilahi iliyotafsiriwa hurithi sitiari ya lugha chasili pamoja na udhaifu wake. Makala hii inadhamiria kuonyesha ni wapi sitiari hii humfaa msomaji na ni wapi humpotosha.

Dhana yenyewe iliasisiwa mwaka 1958 na mwanafizikia Mmarekani, Eugene Parker. Alidai kuwa korona, yaani tabaka la nje la jua, ina joto kali kiasi kwamba mvutano wa jua hauwezi kuizuia. Kwa hivyo hububujika angani pasipo kukoma. Watathmini wawili waliikataa makala yake. Ilichapishwa kwa kuwa mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, hakuona kosa katika hesabu zake. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2, kikiwa safarini kuelekea Zuhura, kiliupima upepo huo na kumthibitisha Parker.

Kinachovuma, hata hivyo, si hewa. Ni protoni na elektroni zinazosafiri kwa kasi ya takribani kilomita 400 kwa sekunde, na ambazo huchukua siku kama nne kutoka kwenye jua hadi duniani. Kasi hiyo inatisha, lakini chembe zenyewe ni haba mno: karibu na Dunia, sentimita moja ya ujazo huwa na chembe tano hadi kumi hivi. Upepo mwembamba kiasi hiki usingeweza kutikisa hata unyoya. Wawezaje basi kuitikisa Dunia?

Jibu limo katika kile ambacho upepo huu hubeba, nacho ni uga wa sumaku. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana tajriba ya kumfaa. Baharia wa pwani hatosheki kuambiwa kuwa kuna upepo. Hutaka kujua kama ni kusi, kaskazi au matlai, kwa maana upande ndio unaoamua safari. Upepo wa jua daima hutoka upande wa jua, lakini uga unaoubeba hubadilika mwelekeo. Ukielekea kaskazini, sawa na uga wa Dunia ulivyo upande wa mchana, ngao yetu husimama imara kwa kiasi kikubwa. Ukielekea kusini, nyuga hizo mbili hukinzana, mistari yake hukatika na kuungana upya, na mlango hufunguka. Nishati huingia na kulimbikizwa katika mkia mrefu wa uga wa Dunia, upande wa usiku.

Mkia huo unapokazika kupita kiasi hufyatuka mithili ya mpira wa manati. Elektroni huongezewa kasi, zikafuata mistari ya uga hadi maeneo yanayozunguka ncha za Dunia, zikagonga atomu za oksijeni na molekuli za naitrojeni. Oksijeni iliyo kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi hutoa mwanga wa kijani. Ile iliyo juu ya kilomita 200 hutoa mwekundu. Maelezo ya kawaida kwamba chembe za jua humwagika moja kwa moja kwenye ncha yanairuka hatua hii ya mkia, ilhali ndiyo kiini cha jambo.

Mara kwa mara jua hutema wingu zima la chembe, lenye uzito wa tani bilioni moja au zaidi. Likifika na uga unaoelekea kusini, huzuka "dhoruba ya sumaku". Dhoruba hii haina mvua wala radi. Uga wa Dunia huyumba, na uga unaoyumba huzalisha umeme katika nyaya ndefu. Mnamo Septemba 1859, saa zipatazo 17 na nusu baada ya Richard Carrington kuona mmweko juani, simu za maandishi za Ulaya na Amerika zilivurugika. Kati ya Boston na Portland makarani walitenga betri zao na kuwasiliana kwa umeme wa dhoruba pekee. Tarehe 13 Machi 1989, gridi ya Quebec nchini Kanada iliporomoka kwa muda wa sekunde 90 hivi, na watu milioni sita wakakaa gizani kwa saa tisa.

Limebaki neno "aurora". Ni jina la mungu wa kike wa mapambazuko wa Warumi, na kulitafsiri kungetupa "mapambazuko" yanayotokea usiku wa manane. "Mianga ya ncha" ni jina wazi zaidi, ila dhoruba ya Mei 2024 iliifikisha mianga hiyo hadi Mexico, na ile ya 1859 hadi Cuba. Katika hali hii kukopa kuna mantiki kuliko kutafsiri: aurora hii, aurora hizi, katika ngeli ya I-ZI.