Mstaafu, Chagua Mti Mmoja

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa kawaida akifika 60 analazimika. Hakuna waraka unaomwambia afanye nini siku inayofuata saa kumi na mbili asubuhi, macho yamefunguka kwa mazoea na daladala la kuwahi halipo. Wengi huhamia kwenye kiwanja walichonunua zamani, Kibaha, Kigamboni au Chanika, na kukuta majirani nao ni wastaafu. Mitaa hiyo ina kitu ambacho Kariakoo haina: miti, na viumbe wanaoishi humo. Kuwatazama ni kazi nzuri ya uzeeni, na haidai kugusa kiinua mgongo.

Anza na kiti. Kiwe cha kuegemea na chenye mikono, ili kusimama kusiwe shughuli. Kiweke barazani, jua likiwa nyuma yako. Kisha chagua mti mmoja unaoonekana wote, shina mpaka kilele, na uutazame huo huo kila siku. Ndege humzoea mtu asiyehamahama, nawe utazoea mambo ya kawaida kiasi kwamba geni likitokea utaliona mara moja. Kuzunguka uwanjani huku umetazama juu waachie vijana. Nyonga ya mzee ikivunjika haiungi upesi. Saa nzuri ni tangu alfajiri mpaka saa tatu, halafu tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Mchana ndege wamepumzika, na wewe kalale.

Kama una mti wenye viota vya mnana, una bahati, maana hapo pana sinema ya miezi. Dume la manjano huuma ukingo wa jani la mnazi, huruka nalo na kuondoka na utepe mwembamba. Hufunga fundo kwenye tawi, akafuma pete, na kutoka kwenye pete hiyo akafuma chumba. Kazi ikiisha huning'inia mlangoni kichwa chini, akipiga mabawa na kelele kuita majike. Jike huingia, huvuta nyuzi huku na huku kama mpangaji anayekagua nyumba, kisha mara nyingi huondoka. Kiota kisichopata mwenyeji hukauka na kugeuka kahawia. Dume hukifumua mwenyewe na kuanza kingine. Tazama pia kama yupo kekeo anayenyemelea: wapo wanaotaga yai ndani ya kiota cha mnana na kumwachia malezi. Ukifuatilia kiota kimoja tu tangu fundo la kwanza, utajifunza mengi kuliko anayekimbilia kukariri majina ya ndege mia.

Darubini si lazima mwanzoni. Ukiamua kununua, tafuta ya 8x42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Muuzaji atakusifia ya 10 au 12. Ikatae, kwa sababu inakuza na mtetemo wa mkono. Wavaao miwani wasiivue. Wakunje au wazungushe mpira wa kuwekea macho urudi chini. Sauti ni habari nyingine. Masikio yakizeeka hupoteza kwanza milio myembamba, ile ya chozi kwenye maua ya mgomba. Mlio mzito wa dudumizi bado utaupata hata kama mjukuu analalamika kwamba husikii.

Maji huvuta ndege kuliko chakula. Weka sahani pana ya udongo, maji yasizidi kina cha vidole viwili, mahali pa wazi ambapo paka hana pa kujificha, lakini pawe na tawi la kukimbilia karibu. Badilisha maji kila baada ya siku mbili na usugue sahani. Kwa joto letu, yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Wali uliobaki usiumwage nje kwa nia ya kulisha ndege. Utamlisha kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe taka, na ambaye leo hula mayai na makinda ya ndege wadogo wa pwani nzima. Funika pipa la taka.

Mlimau wako nao usiupulizie dawa ovyo. Viwavi wachanga walio juu ya majani, wanaofanana na kinyesi cha ndege, hatimaye huwa vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano. Wakikua, wakiwa bado viwavi, huwa kijani, na ukimgusa mmoja hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Wajukuu hupenda hilo kupita katuni. Mti mkubwa hauuawi na viwavi kumi. Usiku ukisikia kilio kama cha mtoto mnazini, ni komba. Wagema wa tembo wanamjua kwa wizi.

Waingize majirani. Kila nyumba iwe na mti wake na daftari lake, na kwenye bao la jioni mlinganishe. Karani mstaafu atataka kuchora jedwali, mwacheni. Walioko Nairobi wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa; matembezi hayo yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Huku kwetu upo mradi wa Tanzania Bird Atlas, unaokusanya kumbukumbu za ndege nchi nzima, pamoja na za watu wa kawaida.

Katika daftari andika tarehe, saa, mvua au jua, ulichokiona, na kilikuwa kikifanya nini. Jina usilolijua acha wazi, eleza rangi ya mdomo na mkia. Mbayuwayu wa Ulaya huanza kufika kwetu kuanzia Septemba na hurudi kwao kufikia Aprili. Nunua daftari kabla hawajafika.