Dondoo muhimu: Filimbi ni ala, si kelele

Kikundi cha ngoma cha Isiolo kinachofanya mazoezi uwanjani kimkabidhi filimbi mtu mmoja tu: kiongozi. Mlio wake mwembamba husikika juu ya mngurumo wa ngoma, ndiyo maana viongozi wa samba nchini Brazili huutumia kuita mabadiliko ya mdundo, na wachezaji wa ngoma za Kikamba hapa Kenya hubadili mitindo kwa ishara ya filimbi. Filimbi ya samba ina vitundu viwili ubavuni. Ukiviziba na kuviachia kwa vidole, unapata sauti tatu. Kubalianeni ishara chache, kwa mfano mlio mmoja mrefu wa kusimama na mitatu mifupi ya kuanza, na kila ishara ipigwe ndani ya mdundo ili wapigaji wote waingie pamoja.

Wapo watakaosema ngoma ya kiongozi inatosha. Kwa wapigaji watano, kweli inatosha. Wakiwa ishirini wanaotembea barabarani, wa nyuma hawaitofautishi na nyingine. Wengine hulalamika kwamba filimbi inaumiza masikio. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni kuipuliza kwa uchache, mbali na sikio la mwenzako. Vumbi la Isiolo nalo hukwamisha kigololi cha ndani, basi isuuze kwa maji safi kila baada ya mazoezi, na usiazimane filimbi na mtu. Filimbi inayolia wakati wote haiongozi chochote.